Mitsuwa ya Arlington Heights: fateni samaki na viazi vitamu, rameni baadae

Kama unaishi Chicago au vitongoji vyake na umeshachoshwa na samaki wa huku, yani vile vipande vyeupe visivyo na kichwa wala mkia, hujui hata alikuwa samaki gani alipokuwa baharini, basi haya nimekuandikia wewe. Kuna supamaketi ya Kijapani inaitwa Mitsuwa Marketplace, iko Arlington Heights, Algonquin Road, pale karibu na Arlington Heights Road. Ukitoka mjini unashika I-90, unaipita O'Hare, unaendelea kidogo, ukishatoka haiwei ndo umefika. Ndani ya jengo hilohilo kuna soko upande mmoja na upande mwingine kuna ukumbi wa vibanda vya chakula, meza za pamoja, kila mtu ananunua anapotaka anakuja kukaa anapopata nafasi.

Watu wakiisifia hii Mitsuwa wanasifia rameni tu, zile tambi za bakuli zenye supu ya nguruwe, rameni rameni rameni, mpaka mtu asiyekula nguruwe anaona haimhusu. Mie ni mtu wa Tanga, na nasema hivi, kwa mtu wa pwani, au mtu wa ziwani, au yeyote anayepikia familia chakula cha nyumbani katika hii mikoa ya katikati ya Marekani ambako bahari iko mbali kiasi kile, pale ndo mahali pa kwenda, na kinachokupeleka ni soko lenyewe, hayo mabakuli ni nyongeza.

Tulienda Jumamosi mchana, mie, wifi yangu, mwanangu, na mama jirani yetu ambae ni mtu wa Uvira, Kongo, tunakaa nae jengo moja huku Rogers Park. Jumamosi mchana ndo wakati mbaya kuliko yote, hilo mlijue mapema, maana kila mtu anakuja na familia yake, magari mpaka unazunguka unatafuta pa kuegesha, meza za kulia zimejaa. Mwenye nafasi aende katikati ya wiki, au siku za mapumziko awahi asubuhi.

Sasa samaki. Kaunta ya samaki iko ndani, na kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba hainuki. Wauza samaki wote duniani wanakwambia samaki wangu wabichi, lakini pua haidanganywi. Kuna samaki wazima wamelala kwenye barafu na macho yao yanang'aa, na kuna trei zimefungwa, kila trei ina lebo ya nchi alikotoka samaki na kama amevuliwa baharini au amefugwa, na hiyo ni sheria ya Marekani tangu 2005 kwa samaki wabichi na waliogandishwa kwa hiyo ukiikuta trei ya samaki mbichi haina hayo maelezo, popote pale, uliza.

Vibua wamo. Sio wale wadogo wetu kabisa, ni ndugu zao wakubwa, Wajapani wanawaita saba, wengi wanatoka Norway, wanauzwa wamepasuliwa nusu, ngozi ina ile michirizi ya bluu na nyeusi, na wengine wameshatiwa chumvi tayari. Hao wa chumvi ndo chakula cha haraka kuliko vyote, unawaweka kwenye ovena moto wa juu ngozi itazame moto, dakika chache mafuta yanaanza kutoa sauti, unakamua ndimu, unakula na wali au ugali, umemaliza. Wifi alinunua trei tatu kwa mpigo. Kuna aji pia, huyu ukimtazama karibu na mkia ana ule mstari wa magamba magumu yanayokwaruza, mtu wa pwani atamjua mara moja kwamba ni wa ukoo wa kolekole. Na kuna tai, mwekundu mwekundu, mwenye umbo la changu, huyu ukimpata mzima usimkate, mchanje ubavuni, mtie ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu thomu, mchome, halafu mpake tui lako zito lenye bizari. Samaki wa kupaka huku Illinois nilikuwa sijamla akatoka sawasawa mpaka nilipompata huyo. Kijana wa kaunta alimpaa magamba na kumtoa matumbo, nikamwambia kichwa aniachie, akanikubalia bila kushangaa, na mnaojua kununua samaki huku mnajua ile sura mnayotazamwa mkisema mnataka kichwa.

Pweza. Hapa nitasema ukweli wote. Yupo, na ni mzuri, ila ni ghali, na anauzwa ameshachemshwa, kwa hiyo utamkuta mwekundu wa zambarau, mikia imejikunja vizuri, inauzwa mmoja mmoja. Usimchukulie kama yule wa Deep Sea kwetu Tanga au Forodhani wa kumpondaponda kwanza na kumchemsha muda mrefu. Huyu ameiva. Tengeneza rojo yako ya nazi pembeni, nyanya, bizari, pilipili, ikishakolea ndo unamkata vipande vyembamba unamtumbukiza mwishoni apate moto tu, ukimwacha jikoni robo saa anakuwa mpira. Ngisi wapo na bei yao inavumilika zaidi ya pweza, kamba wapo wenye vichwa.

Wale wa kula samaki mbichi, vipande vya jodari viko vya kila namna, na bei inapanda kadiri mafuta yanavyoongezeka, nyama nyekundu ya mgongoni ni akami, ya tumboni yenye mafuta kiasi ni chutoro, na ile inayokaribia kuwa ya pinki tupu ni otoro, hiyo ukitazama bei utairudisha taratibu. Kuna siku wanapasua jodari mzima mbele ya watu, wanabandika matangazo mapema, ukibahatika peleka watoto wakaone.

Ila Waislamu wenzangu, samaki ni halali lakini trei za jirani zisikuponze. Palepale pembeni ya samaki wa chumvi kuna samaki waliokolezwa tayari, wanavutia sana, wana rangi ya dhahabu, na hao wengi wamelazwa kwenye miso, lile rojo la soya iliyochachushwa, iliyochanganywa na mvinyo wa mchele, au kwenye machicha ya mvinyo wenyewe, hayo yanaitwa kasu, ukiona hilo neno kwenye lebo acha. Na mirini, ile sosi tamu ambayo Wajapani wanaitia karibu kila mahali, mirini halisi ina alkoholi kama asilimia 14. Chukua samaki mtupu au wa chumvi tupu, viungo utatia mwenyewe nyumbani kwako.

Haya, tusogee kwenye mboga, maana hapa ndo wifi alisahau kama tuna mtoto.

Wote tunajua viazi vitamu vya Marekani, vile vya rangi ya chungwa, ukichemsha vinalowa, vinaporomoka, ukivitia nazi vinageuka uji. Viazi vya Kijapani vina ganda la zambarau, ndani vimepauka rangi ya maziwa, ukivipika vinakuwa njano, vikavu, vya unga unga, vitamu, ndo viazi vyenyewe tulivyokulia navyo. Kaa na chai yako ya rangi na kiazi kimechemshwa na maganda yake, hutaki kingine. Pembeni yake kuna magimbi, madogo madogo ya mviringo yenye manyoya ya kahawia, Wajapani wanayaita satoimo, yanateleza zaidi ya yetu makubwa lakini ladha ni gimbi kabisa, na yako pia kwenye friza yamemenywa tayari kwa wale ambao mikono inawawasha. Na boga lao la kijani kibichi kwa nje, kabocha, gumu kulikata mpaka utafute kisu kizito, ndani ni chungwa limekolea na halina maji. Kwa hiyo hesabu mwenyewe, viazi vitamu, magimbi, boga, nazi unayo nyumbani, hiyo ni futari kamili ya Ramadhani chini ya paa moja. Kwa miaka tunahangaika tunaunganisha duka hili na duka lile na kumbe vyote vimepangwa kwenye rafu moja.

Bamia zipo, nzuri, laini, ila zinafungwa kidogo kidogo kwenye kijiwavu na bei yake kwa ratili haina maana, bamia nendeni Devon Avenue kwa Wahindi na Wapakistani kama kawaida. Mbilingani zao ndefu nyembamba ni nzuri na hazina uchungu. Figili nyeupe kubwa kama mkono wa mtu mzima, bei nafuu. Tofu, vile vipande vyeupe laini vya maziwa ya soya, rahisi kuliko kwingine. Matunda sitayazungumza, yamefungwa vizuri na yanauzwa bei ya zawadi.

Mama jirani yeye hakufika kwenye viazi, alikwama kwenye rafu ya vitu vikavu. Kuna pakiti za samaki wadogo waliokaushwa, niboshi, Wajapani wanawachemshia supu halafu wengi wanawatoa, na yeye akasimama pale ameshika pakiti anasema hii ni ndagala tu, ndagala! Ni wa baharini, wakubwa kuliko wa Tanganyika, lakini ukiwatoa vichwa ukawakaanga na kitunguu na nyanya na pilipili, ukala na fufu au ugali, roho inatulia. Alichukua pakiti tano na alitupikia wiki hiyohiyo, kwa hiyo nasema kwa ushahidi. Rafu hiyohiyo kuna mwani wa aina zote, karatasi za nori za kufungia wali, na kombu mnene wa kuchemshia supu. Ndugu zetu wa Paje na Jambiani wanaolima mwani, ule wao ni mwani mwingine, unakwenda viwandani kutengeneza kile kinachogandisha aiskrimu na dawa za meno, sio huu wa kula, watu wananiuliza sana hili.

Mchele ni mtamu lakini ni wa kushikana, hata uoshe mara kumi. Mwingi unalimwa California, mbegu maarufu ni Koshihikari ambayo Wajapani waliitoa 1956. Kwa wali wa samaki wa chumvi hauna mpinzani. Kwa pilau sahau.

Kwenye vyombo ndo nilipopata zawadi yangu. Wajapani wana chakula kinaitwa takoyaki, ni donge la unga wa ngano lenye kipande cha pweza ndani, kilianzia Osaka miaka ya 1930, na chuma chake cha kupikia ni kile chenye vishimo vya mviringo, nilipokiona nilikiinua juu nikamwonyesha wifi, maana ni chuma cha vitumbua kabisa, vishimo vyake tu ndo vidogo zaidi. Hata namna ya kugeuza ni ileile, unasukuma kwa ncha ya kijiti donge linazunguka upande wa pili. Nimeshavipikia vitumbua, vinatoka vidogo vya kumeza mara moja, watoto wanavipenda kuliko vikubwa. Chagueni cha chuma kizito cha kuweka juu ya gesi, kama jiko lenu ni la umeme kuna vya kuchomeka ukutani pia. Na unga tafadhali msinunue ule unaoandikwa mochiko, huo ni wa mchele wa kunata, vitumbua vitakuwa ubani. Lowekeni mchele wenu wa kawaida msage.

Halafu tukafika kwenye kahawa. Wifi kwao ni Machame, Kilimanjaro, shamba la babu yao lina mibuni mpaka leo. Kati ya pakiti za kahawa za Kijapani iko ya kampuni ya Key Coffee imeandikwa Kilimanjaro. Wajapani wanaipenda kahawa ya Tanzania kwa jina hilo miaka mingi, na kwao hata arabika ya Mbinga au ya Mbeya inauzwa kwa jina la Kilimanjaro, na kwa kanuni zao mchanganyiko ukibeba jina la asili fulani lazima angalau asilimia 30 ya kahawa yake itoke huko. Wifi aliigeuza ile pakiti akaisoma mbele na nyuma, hakusema kitu kwa muda, halafu akasema, "Wifi, unajua baba alikuwa anauza chama cha msingi, hatujawahi kujua inaishia wapi." Akainunua. Na ufuta ni vilevile, Japani hawalimi ufuta wa kutosha, karibu wote wananunua nje, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wao wakubwa, kwa hiyo ile chupa ya mafuta ya ufuta yanayonukia vizuri pale rafuni inawezekana kabisa ina jasho la mkulima wa Lindi ndani yake. Haya mambo yananigusa, siwezi kupita tu. Mtu analima Nachingwea hajui kitu chake kinasifiwa kiasi gani kwenye meza za watu wa mbali, na bei anayopewa haifanani na hizo sifa.

Sasa ukumbi wa chakula. Utaratibu wake rahisi, vibanda vingi nje vina kabati la kioo lenye mifano ya plastiki ya kila chakula na bei yake, imetengenezwa vizuri mpaka mwanangu alitaka kuishika, kwa hiyo huhitaji kujua kusoma wala kutamka, unaonyesha kidole. Unalipa, unapewa namba, unasubiri waite. Ukimaliza trei unarudisha mwenyewe, usiiache mezani, hakuna atakaekufuata kuisomba na wenzio wamesimama wanangoja hiyo meza.

Kibanda chenye foleni ndefu ni Santouka, rameni ya Hokkaido, walianza mji wa Asahikawa mwaka 1988 na sasa wako nchi nyingi. Mama jirani ni Mkristo na anakula kila kitu, yeye alikaa kwenye ile foleni akachukua ya chumvi, shio. Supu yake nyeupe, nzito, ni mifupa ya nguruwe imechemshwa masaa mengi mpaka mafuta na uroto vimeyeyuka ndani, juu kuna vipande vya nyama, uyoga, na katikati kitunda kimoja kidogo chekundu cha kuchachua kinaitwa umeboshi. Alikunywa kimya mpaka nusu ya bakuli ndo akainua kichwa, "Dada, hii supu iko muzuri kabisa." Akamaliza yote. Kwa hiyo kwa wanaokula nguruwe ushuhuda huo hapo, mtu aliyekulia kwenye supu anajua supu. Kwa sisi wengine, msikae kwenye hiyo foleni mkitegemea mtakuta ya kuku, mchuzi ndo wenyewe nguruwe.

Tukale nini basi? Mie nilikula seti ya kibua cha kuchoma kwenye kibanda kinachouza vyakula vya kawaida vya nyumbani, unapata samaki, wali, supu ya miso, na kachumbari kidogo ya kuchachua. Kibua kilikuja ngozi imebabuka vizuri, ndani bado kina maji yake, na kipande cha figili iliyokunwa pembeni, unachanganya na samaki kila tonge, inakata mafuta. Wali wa kule uko moto, unang'aa. Niliuliza kwanza kama wanamtia mvinyo, dada wa kaunta akaenda kuuliza jikoni akarudi na jibu, chumvi tu. Ulizeni, hawachukii. Maswali ya kuuliza ni mawili zaidi, kama mchuzi wa tambi za udon una mirini, mara nyingi unao, na kama kamba wa tempura wanakaangwa mafuta mamoja na nyama ya nguruwe ya tonkatsu. Kibanda kimoja, sitakitaja, tuliuliza swali la mafuta tukajibiwa juu juu tu na mhudumu ameshageukia mteja mwingine, basi tukaondoka. Sio lazima ule mahali ambapo hupati jibu. Kiukweli kwa Mwislamu anaefuata sana, upande huu utabaki na vitu vichache, na ndo maana nikasema tangu mwanzo mtangulize soko. Unaweza pia kununua wali wa kufungwa na mwani wenye samaki kwenye friji ya vyakula vilivyo tayari, soma lebo, ukakaa nao meza zilezile.

Bekari iko pia, inaitwa Pastry House Hippo. Unachukua trei na koleo unajichagulia. Mwanangu alichagua anpan, mkate mdogo laini wenye maharage mekundu matamu ndani, mkate huu una historia ndefu, fundi mmoja wa Tokyo, Kimura Yasubei, aliubuni mwaka 1874 na mwaka uliofuata mfalme Meiji akapelekewa. Mtoto aliyelelewa na mbaazi za nazi haoni ajabu maharage kuwa matamu, aliula wote akaomba mwingine. Mkate wao wa kawaida wa slesi nene ndo bora, unapinda hauvunjiki, kesho yake bado laini. Mafuta waliyotumia ulizeni.

Kuna watu waliniuliza kwa nini soko kubwa hivi la Kijapani liko huko Arlington Heights na sio mjini. Ni kwa sababu Wajapani wenyewe wako huko, makampuni yao mengi yana ofisi vitongoji vya kaskazini magharibi, na hata shule ya Kijapani ya Futabakai iko mji huohuo. Soko lilifunguliwa 1991 kwa jina la Yaohan, kampuni iliyoanza kama duka la mboga la mke na mume, Atami huko Japani, ikakua mpaka ikawa na matawi mpaka Brazil na Hong Kong, halafu ikafilisika 1997. Maduka ya Marekani ndo yakachukua jina la Mitsuwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo mliopo New Jersey ipo ya Edgewater, Texas ipo Plano, na California ziko kadhaa.

Bei kwa ujumla, chochote kilichosafiri kutoka Japani kitakuumiza, biskuti, soda, matunda, peremende za watoto, na mtoto atataka vyote maana vimepambwa. Samaki wa chumvi, ngisi, viazi, boga, tofu, figili, mwani mkavu, hivyo vinalipa. Sisi tulitumia hela nyingi kuliko tulivyopanga ila ukitoa zile kahawa na peremende, samaki tuliowaleta tumekula karibu wiki mbili, familia mbili. Jioni jioni vyakula vilivyopikwa na sushi huwa wanavibandika punguzo, sisi tulikuwa tunatoka ndo tukaona stika zinaanza, kwa hiyo anaeweza apange kula mchana na kununua vya kubeba mwishoni kabisa.

Wanaotoka mbali, Milwaukee, Rockford, Indianapolis huko, bebeni boksi lenye barafu kwenye gari, na samaki muwachukue mwisho baada ya kula, sio mwanzo. Na kama mnakwenda kwa ajili ya Ramadhani msingoje wiki ya mwisho ya Shaabani, chukueni magimbi ya friza na vibua vya chumvi mapema mweke friza, boga zima linakaa wiki kadhaa sehemu yenye ubaridi bila kuharibika mradi hamjalikata. Mimi na wifi tutarudi kwa ajili hiyo, na safari hii mama jirani ameshasema anakuja na dada zake wawili, ndagala zimeisha.